Mzee wa betri za National: maisha ya Konosuke Matsushita

Kama umri wako ni kama wetu, miaka 30 na kitu, na umekulia upande wa Kisarawe au Kibaha, betri za National unazikumbuka. Zilikaa kwenye rafu ya duka, karibu na viberiti na mafuta ya nazi. Zikianza kuchoka tulizitoa kwenye redio, tukazianika juani juu ya bati, wengine wakazing'ata kwa meno ili zipate nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Jina National tulilijua kabla hatujajua kusoma vizuri. Mwenye jina hilo hatukumjua.

Tumeamua kumwandika kwa sababu ya swali. Mwaka 2021 kampuni aliyoianzisha, ambayo leo inaitwa Panasonic, ililipa dola za Marekani bilioni 7.1 kukamilisha ununuzi wa kampuni moja ya Marekani iitwayo Blue Yonder. Blue Yonder haitengenezi redio wala betri. Inatengeneza programu za kompyuta zinazosaidia viwanda, maghala na maduka kujua nini kinahitajika, wapi, na lini. Tulipoligusia jambo hili hewani, wasikilizaji walituuliza: kampuni ya betri inatafuta nini kwenye programu? Na pesa zote hizo za nini? Jibu refu limo ndani ya maisha ya mzee huyu, kwa sababu yeye alihangaika na jambo hilohilo miaka 70 hivi kwa kalamu, daftari na mikutano.

Konosuke Matsushita alizaliwa tarehe 27 Novemba 1894 katika kijiji cha Wasa, mkoa wa Wakayama, kusini mwa jiji la Osaka nchini Japani. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto 8. Baba yake alikuwa na mashamba na heshima kijijini. Lakini baba huyo aliingia kwenye biashara ya kukisia bei ya mchele. Ni kama yule anayenunua mwembe ukiwa bado una maua: hununui embe, unanunua matumaini. Huko kwao kulikuwa na soko rasmi la namna hiyo, mtu ananunua mchele ambao hajauona, akiamini kwamba bei ya kesho itapanda. Kwa baba Matsushita haikupanda. Kufikia mwaka 1899 mashamba na nyumba vilikuwa vimeondoka. Familia ikahamia mjini, ikafungua duka la viatu vya mbao, nalo likafungwa.

Mwaka 1904, akiwa na miaka 9 na shule ya msingi hajaimaliza, alipandishwa treni kwenda Osaka kufanya kazi kwenye duka la majiko ya mkaa. Duka lile likafungwa baada ya miezi michache, akahamia kwenye duka la baiskeli. Hapo alikaa miaka kama 6, na hapo kuna kisa kimoja ambacho sisi tunakipenda.

Wateja waliokuwa wakisubiri baiskeli zao walikuwa wakimtuma sigara. Kila mara aache kazi, anawe mikono yenye grisi, akimbie dukani, arudi. Akachoka. Akatumia pesa zake mwenyewe kununua pakiti 20 kwa mkupuo na kuziweka karibu. Mteja akitaka, anampa palepale kwa bei ileile ya dukani. Faida ilikuwa wapi? Anayenunua pakiti 20 kwa pamoja aliongezewa moja bure. Mtoto wa miaka kumi na kidogo alikuwa ameshagundua ghala ni nini: mali iliyokaa karibu na anayeihitaji kabla hajaiomba. Wenzake kazini wakamwonea wivu, manung'uniko yakamfikia bosi, naye akaambiwa aache.

Osaka wakati huo ilikuwa inatandika reli za tramu za umeme. Matsushita aliziona, akahisi kwamba baiskeli si mwisho wa habari. Mwaka 1910, akiwa na miaka 15, aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Osaka kama msaidizi wa mafundi wa kutandaza nyaya. Alipanda haraka, na akiwa na miaka 22 alikuwa mkaguzi, cheo ambacho wengi walikisubiri miaka mingi. Mwaka 1915 alimwoa Mumeno Iue. Afya yake ilikuwa mbovu, mapafu yalimsumbua, na ugonjwa ulikuwa umeshawapitia ndugu zake kadhaa. Hofu hiyo ya kuugua akiwa na mshahara wa siku kwa siku ilimfanya afikirie kujitegemea. Zaidi ya hapo alikuwa amebuni soketi ya taa ambayo mkubwa wake aliitazama na kusema haifai.

Mwaka 1917 akaacha kazi. Kiwanda chake cha kwanza kilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vidogo. Wafanyakazi walikuwa yeye, Mumeno, shemeji yake Toshio Iue mwenye miaka 14, na wenzake wawili wa zamani. Mtaji haukufika yen 100. Soketi walizitengeneza kwa shida, wakazizungusha madukani, wakauza kama 100 tu. Wale wenzake wawili wakaondoka kutafuta riziki kwingine. Mumeno akaanza kupeleka nguo zake kwenye duka la rehani, moja baada ya nyingine.

Mwezi Desemba ukaja wokovu, na haukutoka kwenye soketi. Kampuni moja ya kutengeneza feni ilikuwa inatafuta mtu wa kuitengenezea vibao vya kuzuia umeme, vile vinavyokaa chini ya swichi ya feni. Walihitaji 1,000, na haraka. Matsushita, Mumeno na yule kijana wa miaka 14 wakavitengeneza, wakavifikisha kwa wakati, na oda nyingine ikafuata. Tunaomba msikilizaji alishike hili. Mtu ambaye baadaye jina lake lilibandikwa kwenye bidhaa za dunia nzima aliponea kwenye kipande ambacho mnunuzi wa feni hakukiona kamwe. Viwanda vya vifaa vya umeme ndivyo vilivyo hadi leo. Redio moja au simu moja ni vipande vya watu wengi: huyu waya, yule kioo, mwingine betri, mwingine boksi. Mmoja akichelewa, wote wanasimama. Wataalamu wanauita mnyororo wa ugavi. Watu wa Kibaha wanaujua kwa namna yao, kwa sababu kiwanda cha TAMCO kilikuwa kikiunganisha malori ya Scania kwa vipande vinavyosafiri kwa meli kutoka Sweden.

Tarehe 7 Machi 1918 alifungua kiwanda rasmi mjini Osaka. Alitengeneza plagi na soketi za bei nafuu kuliko za wengine, na safari hii zikauzika.

Kisha ikaja taa ya baiskeli. Mwaka 1923 taa za betri zilizokuwepo ziliwaka saa 2 au 3 tu, kisha giza. Yake iliwaka saa 30 hadi 40. Wauza jumla hawakumwamini, maana walishaumwa na taa za betri. Hakubishana nao. Aliwapelekea wauza maduka ya rejareja moja kwa moja, kwa mtindo ambao sisi huku tunauita mali kauli: chukua, iwashe hapa mbele ya wateja, ikizimika mapema usinilipe. Taa zikawaka, wauza maduka wakalipa, na wale wauza jumla wakarudi wenyewe kuomba mzigo.

Mwaka 1927 alitoa taa mpya ya mraba na kwa mara ya kwanza akaipa jina National. Alitaka kugawa taa 10,000 bure ili watu waione. Taa bila betri ni kopo, na betri zilikuwa za mtu mwingine, mtengenezaji wa Tokyo aitwaye Okada. Matsushita akapanda treni, akamwomba Okada betri 10,000 bure. Mzee wa watu akashangaa. Matsushita akampa sharti: ifikapo mwisho wa mwaka nitakuwa nimenunua kwako betri 200,000, na nisipofikisha, hizi 10,000 nitazilipia. Wakakubaliana. Hata kabla taa za bure hazijagawiwa nyingi, oda zilianza kumiminika. Mwaka ulipokwisha, betri zilizonunuliwa zilikuwa 470,000. Okada alimfuata Osaka akiwa amevaa mavazi rasmi ya sherehe, kuja kushukuru.

Tukilitazama kwa macho ya mfanyabiashara wa Mlandizi, hapa kuna kitu cha ziada. Mnunuzi alimwonyesha muuzaji hesabu zake za mwaka mzima. Kwa kawaida hizo ndizo siri tunazozificha kuliko zote. Ukimwambia mwenye mali kwamba utauza sana, unaogopa atapandisha bei.

Miaka miwili baadaye mnyororo ulikatika. Mwishoni mwa 1929 uchumi wa dunia ulianguka kuanzia Marekani, na Japani ikatikiswa nayo. Mauzo ya Matsushita yalishuka kwa nusu, ghala likajaa mpaka hakuna pa kuweka mzigo. Yeye mwenyewe alikuwa kitandani mgonjwa. Wasaidizi wake, akiwemo shemeji yake Toshio, walimwendea na pendekezo ambalo viwanda vingi vilikuwa vinalitekeleza: punguza nusu ya wafanyakazi.

Akakataa. Akaagiza uzalishaji ukatwe nusu na watu wafanye kazi nusu siku, lakini mshahara ulipwe wote na asifukuzwe hata mmoja. Sharti lilikuwa kwamba muda uliobaki, hata siku za mapumziko, kila mtu atoke kuuza kilichojaa ghalani. Wakatoka. Kufikia Februari 1930 ghala lilikuwa tupu, na kiwanda kikarudi kufanya kazi siku nzima. Sisi hatudai kwamba ulikuwa wema mtupu. Kulikuwa na hesabu ndani yake, kwa sababu fundi aliyefukuzwa leo hupati wa kumfidia kesho biashara ikirudi. Lakini kulikuwa na hesabu nyepesi zaidi mezani na hakuichukua.

Redio, ambayo inatuhusu zaidi sisi wa kazi hii, aliingia nayo mwaka 1930, na mwanzo ulikuwa mbaya. Alinunua kiwanda cha mwingine, redio zikauzwa, zikarudishwa zimeharibika. Akawakabidhi watafiti wake kazi ya kuunda redio isiyoharibika ovyo, na mwaka 1931 redio yao ikashika nafasi ya kwanza kwenye shindano la shirika la utangazaji la Japani, NHK. Kikwazo kilichobaki ni kwamba mtu mmoja alikuwa amesajili haki za ubunifu wa sehemu muhimu za redio, na kila mtengenezaji alilazimika kumwogopa au kumlipa. Mwaka 1932 Matsushita alizinunua haki hizo kwa pesa nyingi, kisha akazifungua bure kwa watengenezaji wote, hata washindani wake. Wengi walimwona mjinga. Redio zikaongezeka nchini.

Mwaka huohuo, mwezi Mei, aliwakusanya wafanyakazi wake na kuwaeleza alivyoiona kazi ya mwenye kiwanda: kufanya bidhaa ziwe nyingi na rahisi kama maji ya bomba, ambayo mpita njia akinywa hakuna anayemwita mwizi. Tukiri kwamba sisi tunaochota maji kwa foleni na kununua ndoo tulicheka tulipokutana na mfano huu. Mwaka 1933 aligawa kampuni katika vitengo, kila kitengo kikitengeneza na kuuza bidhaa yake, kikiwa na daftari lake la hasara na faida, ili asiwepo wa kuficha uzembe wake nyuma ya jasho la jirani.

Vita Kuu ya Pili haikumwacha safi. Jeshi la Japani lilimtaka atengeneze meli na ndege za mbao, naye akatengeneza. Vita vilipokwisha, utawala wa Wamarekani ulimweka kwenye orodha ya wakubwa wa viwanda wanaopaswa kuondolewa. Wafanyakazi na familia zao, kwa maelfu, walitia saini kuomba abakizwe, na kwa kampuni kubwa ya wakati ule hilo halikuwa jambo la kawaida. Alibakizwa. Madeni ya kodi yalimwandama hadi magazeti yakamtaja kama mdaiwa mkuu wa kodi nchini. Shemeji yake Toshio aliondoka na kuanzisha kampuni yake, Sanyo, jina jingine ambalo mafundi redio wa Maili Moja wanalifahamu.

Mwaka 1961 alikuta kikao cha huzuni kwenye kampuni tanzu iliyokuwa ikitengeneza redio za magari. Mteja wao Toyota alikuwa ametaka bei ishuke kwa asilimia 5 mara moja, na asilimia 15 nyingine ndani ya nusu mwaka. Faida yao yote ilikuwa asilimia 3. Wangefanyaje? Matsushita aliona kwamba ukijaribu kupunguza asilimia 20 kwa kubana hapa na pale utaharibu redio. Akawataka waisanifu upya kutoka mwanzo, ubora uleule, vipande na hatua zichunguzwe kimoja kimoja. Baada ya mwaka na kitu redio ile iliuzwa kwa bei ya Toyota na bado ikaleta faida.

Mwaka uliokuwa mgumu kwake zaidi, kwa maoni yetu, ni 1964, maana safari hii adui hakuwa nje. Alikuwa ameshastaafu urais wa kampuni na kubaki mwenyekiti. Televisheni na mashine za kufulia zilikuwa zimetosha majumbani, lakini viwanda viliendelea kusukuma mzigo. Kwenye vitabu vya kampuni mauzo yalionekana mazuri, kwa sababu mzigo ukishatoka kiwandani unahesabiwa umeuzwa. Kumbe ulikuwa umehama ghala tu, sasa uko kwa wakala, na wakala amesaini deni. Kila mwenye duka aliyewahi kubebeshwa katoni asizozitaka ili apewe zile anazozitaka anajua tunachosema.

Mwezi Julai aliwaita wakuu wa kampuni za usambazaji, zaidi ya 150, kwenye hoteli katika mji wa Atami. Siku mbili za kwanza walisema, naye alisimama jukwaani akijibu. Wengi wao walikuwa wanapata hasara. Wakalaumu kampuni, kampuni ikawalaumu wao kwa kubweteka, na naye hakuwa mpole katika majibu yake. Siku ya tatu akabadilika. Akasema kosa ni la kampuni, akakumbuka enzi za soketi na taa, jinsi wazee wa wale waliokuwa mbele yake walivyompokea akiwa hana kitu, akaomba radhi huku akilia. Ukumbi nao ukalia. Kila mmoja akapewa kadi aliyoiandika kwa mkono wake kuhusu kuishi na kustawi pamoja.

Machozi peke yake yasingeshusha hata katoni moja. Akiwa na miaka 69 alirudi ofisini kusimamia idara ya mauzo. Maeneo yakagawanywa ili wasambazaji wa kampuni moja wasiuane kwa bei, mzigo ukaanza kwenda kutokana na unavyouzika, na mfumo wa madeni marefu ukabadilishwa. Mapato ya kampuni yaliyumba kwa muda, kisha yakapona.

Miaka miwili baada ya mkutano wa Atami, mwaka 1966, kampuni yake ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na ndiko betri na redio za National zilikotengenezwa. Kulikuwa na sababu ya kutengeneza betri karibu na mtumiaji. Betri kavu inazeeka hata ikiwa imekaa kwenye boksi, na ni nzito kuisafirisha. Betri iliyopita baharini wiki nyingi, ikalala ghalani, kisha ikapanda lori hadi Maneromango, inafika ikiwa imeshapoteza sehemu ya uhai wake kabla hujaitia kwenye redio.

Sasa turudi kwenye swali la wasikilizaji. Programu ya Blue Yonder inafanya kwa kompyuta kile kikao cha Atami kilichokifanya kwa siku tatu, tena kila siku. Duka linapouza, habari inaingia. Ghala linaona, kiwanda kinaona, mtengenezaji wa kipande anaona, na kompyuta inakisia wiki ijayo patahitajika nini kwa kutazama mauzo ya nyuma, hali ya hewa na sikukuu. Anayepungukiwa anajulikana kabla hajaishiwa. Panasonic ilitangulia kununua asilimia 20 ya hisa mwaka 2020, kisha 2021 ikachukua asilimia 80 zilizobaki kutoka kwa wawekezaji binafsi. Hisa za kampuni kama hizo zinapanda na kushuka kwa matumaini ya kesho, na hapo mtu aliyenunua kwa pupa hana tofauti kubwa na baba yake Matsushita kwenye soko la mchele. Yapo pia mambo ambayo programu haiyaoni. Mwenye duka akiandika uongo kwenye daftari, kompyuta nayo itasadiki uongo.

Mwenyewe hakuiona programu hiyo. Mwaka 1973 aliacha uenyekiti, akabaki mshauri, na mwaka 1979 alianzisha chuo cha kuwaandaa vijana kwa uongozi wa nchi. Mapafu yaliyomtisha akiwa kijana yalimvumilia hadi alipokuwa na miaka 94. Alifariki dunia tarehe 27 Aprili 1989. Jina National liliachwa mwaka 2008, kampuni nzima ikachukua jina Panasonic.

Mumeno, aliyepeleka nguo zake rehani mwaka 1917, aliishi miaka 4 zaidi. Alifariki mwaka 1993.